Kwanza Hewa, Halafu Injini

Leo naandika juu ya historia ya ndege. Msishangae. Kuna swali aliniuliza kijana mmoja wa S.2 siku tulipokwenda Arua, na tangu siku ile halijaniacha.

Tulikuwa tumesimama nje ya uwanja wa ndege wa Arua tukisubiri gari. Ndege ndogo ilikuwa inashuka, kelele yake inajaa kila mahali. Juu zaidi kulikuwa na wale ndege wakubwa wa jalalani ambao watu wa Kampala wanawaita kaloli. Walikuwa wanazunguka, wanapanda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anapiga bawa. Kijana akatazama huku, akatazama huku, halafu akaniuliza: "Kaka, rubani anapewa injini siku ya kwanza, ama anaanza na kitu kingine?"

Nikamjibu haraka haraka kwamba anapewa injini, sababu ndege ni injini. Kumbe nilijibu nusu tu. Nimesoma, nimeuliza, na nimekuta hadithi ambayo inatuhusu sisi wa kambini kuliko nilivyodhani. Mwisho nitawaambia kwa nini mimi mwenyewe imenichoma.

Tuanze na neno moja. Glaida ni ndege isiyo na injini. Inavutwa mpaka hewani kwa kamba, ama na ndege nyingine, halafu kamba inaachiwa. Kuanzia hapo inashuka polepole, lakini inashuka tu, isipokuwa rubani akipata hewa inayopanda. Jua likichoma ardhi, hewa ya moto inapanda juu kama moshi wa jikoni. Glaida ikizunguka ndani ya hewa ile, inapanda nayo. Hiyo ndiyo kazi ya kaloli juu ya soko la Arua: asubuhi mapema wamekaa tu juu ya miti na mapaa, ardhi ikishapata moto wanapanda bila jasho.

Mzee mmoja jirani yangu, mtu wa Rutshuru, nilipomweleza hivi alicheka. Akasema: "Hiyo ni chukudu ya mbinguni." Na kweli. Wale mnaojua njia za Goma mnaijua chukudu: baiskeli ya mbao, haina injini wala pedali, inabeba viazi na makaa kutoka milimani, na mteremko ndio mafuta yake. Mzee akasema mtu asiyejua chukudu anadhani kazi ni kusukuma kupanda. Kazi yenyewe ni kushuka: mzigo ni mzito, njia ina mawe, na ukikosa balansi hakuna wa kukuokoa.

Sasa twende Ujerumani, miaka ya 1890. Kulikuwa na fundi mmoja anaitwa Otto Lilienthal, mwenye karakana ya mashine. Tangu ujana alikuwa anawatazama korongo weupe, wale wale ambao kila mwaka wanahama kutoka Ulaya kuja Afrika na kupita huku kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1889 alitoa kitabu juu ya namna ndege wanavyoruka. Kuanzia 1891 alijitengenezea mabawa ya fito na kitambaa, akapanda vilima, akakimbia dhidi ya upepo, akaruka. Aliruka karibu mara 2,000. Tarehe 9 Agosti 1896 upepo ulimshika vibaya, glaida ikasimama hewani, ikaanguka. Kesho yake akafa.

Mbali sana na hapo, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, ndugu wawili walisoma habari za kifo chake. Walikuwa Wilbur na Orville Wright, mafundi baiskeli. Hawakwenda chuo kikuu. Hata cheti cha kumaliza sekondari hakuna aliyekuwa nacho mkononi. Nasema hivi sababu kuna watu humu ndani wanadhani bila cheti akili inafungwa.

Wilbur alipiga hesabu ya maisha ya Lilienthal, akaona jambo la ajabu. Katika miaka 5 yote ya kuruka, ukijumlisha muda aliokaa hewani kweli kweli, ni kama saa 5 tu. Kila mruko ulikuwa wa sekunde chache. Nani anaweza kujua baiskeli kwa kuipanda saa 5 katika miaka 5? Wilbur akaona kwamba shida haikuwa mabawa tu wala injini tu. Shida ilikuwa mazoezi: mtu hajakaa hewani muda wa kutosha kujua jinsi ya kusimama mle.

Na mtu wa baiskeli anaelewa hilo haraka. Baiskeli haisimami peke yake. Ukiiacha, inaanguka. Anayeisimamisha ni aliyeipanda, kwa mwili wake, kila sekunde, bila hata kufikiri. Wengi wakati ule walitaka ndege itulie yenyewe kama mashua kubwa, rubani awe kama abiria. Ndugu wa Wright walisema hapana, ndege itakuwa kama baiskeli: rubani ndiye atakayeiweka sawa.

Kwa hiyo hawakuanza na injini. Mwaka 1899 walitengeneza tiara. Mwaka 1900 walipeleka glaida Kitty Hawk, pwani ya North Carolina, mahali pa mchanga na upepo mwingi, na mara nyingi waliirusha kwa kamba tu, bila mtu. Mwaka 1901 walirudi na glaida kubwa zaidi, ikawaangusha moyo: haikubeba uzito kama hesabu za vitabu zilivyoahidi. Wakarudi nyumbani, wakatengeneza sanduku refu la mbao lenye feni inayopuliza upepo ndani, wakapima vibawa vidogo karibu aina 200. Walikuta hesabu walizokuwa wanazitegemea haziko sawa, wakaandika zao.

Mwaka 1902 wakarudi mchangani na glaida ya tatu. Katika miezi miwili hivi, Septemba na Oktoba, waliruka mara kati ya 700 na 1,000. Wanaanguka, wanashona kitambaa, wanapanda kilima tena. Mwisho wa msimu ule walikuwa na kitu ambacho hakuna mtu mwingine duniani alikuwa nacho: walijua kupanda, kushuka, kuinama upande na kugeuka, kwa mikono na mwili, bila injini.

Sasa msikilize upande wa pili.

Wakati huo huo, Washington, kulikuwa na msomi mkubwa anaitwa Samuel Langley, mkuu wa Taasisi ya Smithsonian. Huyu hakuwa mjinga hata kidogo. Mwaka 1896 alirusha vindege vidogo visivyo na mtu, vikaenda vizuri. Jeshi la Marekani likampa dola 50,000 atengeneze kikubwa cha kubeba mtu. Msaidizi wake, Charles Manly, alitengeneza injini nzuri ajabu ya nguvu za farasi 52, na yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa rubani. Manly alijua injini. Lakini alikuwa hajawahi kuruka na kitu chochote, hata glaida.

Tarehe 7 Oktoba 1903 walimsukuma kutoka juu ya mashua kwenye mto Potomac. Ndege ikaanguka majini. Tarehe 8 Desemba wakajaribu tena. Ikavunjika, ikaanguka majini tena, na Manly alinusurika kuzama. Chombo chenyewe kilikuwa dhaifu na namna ya kukirusha ilikuwa mbaya, hilo wataalamu wanakubali. Lakini hata kama kingebaki hewani, aliyekaa ndani alikuwa hajui hewa.

Siku 9 baadaye, tarehe 17 Desemba 1903, ndugu wa Wright walikuwa mchangani kwao. Fundi wao wa baiskeli, Charlie Taylor, alikuwa amewatengenezea injini ya nguvu za farasi 12 hivi. Ukiweka karibu na ile ya Manly ni injini ya aibu. Orville akapanda. Sekunde 12, mita 37. Waliruka mara 4 siku ile, na mara ya mwisho Wilbur alikaa sekunde 59 akaenda mita 260. Mradi wote haukuwagharimu hata dola 1,000.

Dola 50,000 zikaanguka majini, dola 1,000 zikaruka. Mtu akikuambia kila kitu ni bajeti, mkumbushe mto Potomac.

Lakini tusidanganyane, injini nayo ina shule yake. Hata wale walioijua glaida ilibidi waanze kujifunza upya. Walihamia malishoni karibu na nyumbani, mahali panaitwa Huffman Prairie, wakaanguka mara nyingi 1904 na 1905. Injini inaleta kelele na uzito. Inaweza pia kukudanganya: rubani anasahau kusikiliza upepo, anafikiri atasukuma tu. Ilikuwa Oktoba 1905 ndipo Wilbur alipozunguka hewani dakika 39, kilomita karibu 39. Toka tiara mpaka hapo ni miaka 6. Glaida peke yake isingewafikisha. Ilifika siku walihitaji injini, wakaipata, ngazi yao ikaendelea kupanda.

Hii habari ya ngazi naomba mwishike, sababu kuna ngazi nyingine ilikatwa katikati, na ilikuwa hapa hapa Afrika.

Baada ya vita ya kwanza ya dunia, mkataba wa Versailles wa 1919 uliikataza Ujerumani kuwa na jeshi la anga, na ndege za injini zikabanwa sana. Vijana wa kule wakafanya nini? Wakapanda milima na glaida. Kuanzia 1920 walikuwa wanashindana kila mwaka kwenye mlima Wasserkuppe. Walinyimwa injini, wakajifunza hewa mpaka wakawa mabingwa. Mmoja wao alikuwa msichana, Hanna Reitsch, aliyezaliwa 1912. Ndoto yake ilikuwa kuwa daktari anayeruka na ndege, afanye kazi Afrika. Alianza na glaida kule Grunau, halafu akajifunza ndege ya injini Staaken, Berlin.

Mjue pia alivyoendelea. Ujuzi ule aliupeleka kwa utawala wa Hitler, akawa rubani wa kujaribu ndege zao za vita. Sisi watoto wa vita hatuwezi kusoma jambo hilo na kulipita. Kujua kuruka hakukufanyi mtu mwema.

Mwaka 1962 Reitsch alifika Ghana. Rais Kwame Nkrumah alitaka vijana wa nchi yake wajifunze anga, na huyu mama akafungua shule ya taifa ya glaida pale Afienya, karibu na Accra. Vijana wa Kighana walijifunza kushona na kutengeneza glaida kwa mikono yao, na kuziendesha. Lakini Februari 1966 jeshi likampindua Nkrumah, na Reitsch akaondoshwa nchini. Shule aliyoianza ikakatika mikononi mwake. Kila nikisoma habari ile nawawaza vijana waliokuwa wameshapanda hewani mara nyingi, wanangoja hatua inayofuata, na asubuhi moja redio inatangaza mapinduzi.

Rudini sasa Afrika Mashariki. Kati ya 1968 na 1973 mtaalamu mmoja Mwingereza, Colin Pennycuick, aliishi huku, kwanza akifundisha Nairobi, halafu akiwa mtafiti Serengeti. Alitaka kujua tai wala mizoga wanafuataje makundi ya nyumbu umbali ule wote bila kuchoka. Ndege ya injini ingewaacha nyuma na kuwatisha. Yeye alitumia glaida yenye injini ndogo: injini inamtoa ardhini, akifika juu anaizima, anajiunga na tai ndani ya hewa ya moto, anazunguka nao. Alikuta wanasafiri mbali sana kwa nguvu kidogo sana, sababu wanapanda bure kisha wanateleza mbele. Chombo chake kilikuwa na vyote viwili, na alijua saa ya kuwasha na saa ya kuzima.

Na yule kijana wa S.2 je? Jibu lake liko Soroti, hapa hapa Uganda. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua pale shule ya urubani kwa ajili ya Kenya, Tanzania na Uganda. Jumuiya ikavunjika 1977, shule ikabaki Uganda, na mpaka leo inafundisha. Soroti, kama shule nyingi za leo duniani, mwanafunzi anaanza na ndege ndogo ya injini moja kwa moja. Kwa hiyo jibu langu la kwanza halikuwa uongo mtupu. Ila kuna kitu nilikiacha: pembeni ya mwanafunzi amekaa mwalimu, ana usukani wake pia, na mkono wa mwalimu uko tayari. Manly hakuwa na mtu pembeni. Anayeruka ngazi ya glaida lazima apewe mwalimu wa kushika usukani, la sivyo anatupwa mtoni.

Na mwalimu huyo mpaka leo anamfundisha mwanafunzi kuruka kama hana injini: anaipunguza mpaka mwisho, anamwambia, "Haya, tafuta pa kutua." Rubani wa glaida ameizoea hali hiyo tangu siku ya kwanza. Kila safari yake anatua mara moja tu, hawezi kuongeza mafuta akajaribu tena.

Kuna siku jambo hili liliokoa watu 69. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada, Boeing 767, iliishiwa mafuta juu ya Kanada ikiwa kwenye mita zaidi ya 12,000. Kipimo cha mafuta kilikuwa kibovu, na katika hesabu za mkono walichanganya ratili na kilo. Injini zote mbili zikanyamaza. Kapteni Bob Pearson alikuwa mtu wa glaida katika muda wake wa mapumziko. Msaidizi wake alikumbuka uwanja wa zamani wa jeshi pale Gimli. Walipokaribia walikuwa juu mno, na hakuna nafasi ya kuzunguka. Pearson akailaza ile ndege kubwa ubavu ubavu ili ishuke haraka, ujanja ambao watu wa glaida wanaujua sana. Wakatua. Hakufa mtu.

Sasa nifike nilipoahidi.

Mwaka jana kulikuja mradi mmoja kambini, jina lake silitaji, wa kuwapa vijana vifaa vya kuanzia kazi. Wengine cherehani, wengine pikipiki ya mkopo wafanye boda. Mimi kama mjitoleaji ndiye niliyeandika majina ya upande wetu. Rafiki yangu mmoja aliomba pikipiki. Nilijua kabisa kwamba hajawahi kupanda hata baiskeli. Nilijua, na niliandika jina lake, sababu nafasi ilikuwa inafungwa ijumaa na mama yake alikuwa ameniomba. Mafunzo yalikuwa mchana mmoja kwenye uwanja wa mpira, watu 14, pikipiki 2. Wiki ya tatu alianguka kwenye mteremko wa murram akiwa na abiria. Abiria alichubuka tu, namshukuru Mungu. Rafiki yangu alivunjika mguu. Pikipiki ikauzwa, na deni likabaki kwake.

Nimejilaumu mwaka mzima. Niliposoma habari ya Manly akitolewa kwenye maji ya baridi, nilijiona mimi nikiwa nimesimama juu ya ile mashua, nikisukuma.

Kwa hiyo kwenu wa mashirika nasema kwa heshima: msitupe injini ya mchana mmoja. Mkileta pikipiki, leteni kwanza baiskeli na miezi miwili ya kuanguka kwenye mchanga. Kama hakuna muda, basi leteni mwalimu wa kukaa pembeni na usukani wa pili. Ni gharama, najua. Na kuvunjika mguu kunagharimu pia, ila hakuandikwi kwenye ripoti yenu.

Lakini kuna upande wa pili, na huu nausema kwa niaba yangu na wenzangu. Wengi wetu tunajitolea mwaka wa tatu, wa nne. Tunatafsiri, tunaandika majina, tunatuliza mistari ya chakula. Tunaambiwa ni uzoefu, na ni kweli, ni glaida yetu, na hatuidharau. Lakini glaida bila hewa ya kupanda mwisho wake ni chini. Ndugu wa Wright walikaa na glaida miaka mitatu, wakaenda kwenye injini. Vijana wa Afienya walijifunza, ngazi ikakatwa. Msituache Afienya. Kazi yenye mkataba, shule ya ufundi, hata moja kwa kila kundi la wajitoleaji, hiyo ndiyo injini tunayoongelea.

Na ninyi vijana wenzangu, msichukie miaka ya mchangani. Kijana wa S.2, wewe ukitaka Soroti, anza na fizikia na hesabu, na ratili usichanganye na kilo.

Rafiki yangu mguu umepona. Hajapata pikipiki nyingine. Kila jioni anaazima baiskeli ya mwalimu mmoja, anazunguka uwanja wa mpira, watoto wanamcheka, naye anaendelea. Mimi nakimbia pembeni nimeshika kiti. Jumamosi tunaanza saa kumi. Mwenye baiskeli aje nayo.